Maji ya Mita Mia Mbili

Jumatatu, 6 Julai 1998

Tumefika gatini Kinindo mapema. Wanajeshi wametupekua kwa haraka leo. Nimefukiza ubani ndani ya kibanda cha mashua, nimesoma Fatiha, tumeondoka. Hivi ndivyo tunavyoanza safari tangu vita vilipoanza, na kila mara tumerudi.

Ziwa tulivu. Saidi, fundi wetu wa injini, amelalamikia uhaba wa mazutu, dizeli ya injini, njia nzima. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo hana wimbo mwingine. Daktari Esperansi, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa ziwa, alikagua chupa. Mtungi wa kuchotea umeteremshwa hadi mita mia mbili, umefungwa huko huko chini, umepandishwa. Maji yake yananuka mayai yaliyooza. Ni sawa. Kina kile hakina hewa, na harufu hiyo ndiyo hati yake. Tumeyamimina kwenye chupa ndani ya kibanda, mbali na vumbi na moshi wa injini, kama nilivyoagiza tangu zamani.

Alasiri, maabara. Dawa yetu ya kupimia ni ya kijani. Ikikuta maji safi hubaki kijani. Ikikuta zinki hugeuka nyekundu.

Imegeuka nyekundu. Mwezi wa tatu mfululizo.

Maji ya kina kile hayawezi kuwa na zinki ya kiasi hicho. Zinki ni yetu. Tunaichukua mahali fulani na kuitia katika chupa kwa mikono yetu. Nimekasirika mno, sikula.

Alhamisi, 9 Julai

Faksi kutoka kwa Wazungu wanaokigharimia kituo. Wamezikataa sampuli za Mei na Juni. Wanataka chupa tatu za mita mia mbili, safi, ziondoke na ndege ya mwisho wa Agosti. Zisipokuwa safi, kituo kinafungwa.

Esperansi ameisoma faksi kwa sauti, kisha akaisoma tena kimyakimya. Alizaliwa hapa, amesoma hadi udaktari wa kemia, na anaishi peke yake mtaa wa Mutanga Nord. Dada yake yuko Ubelgiji na anamwita kila mara. Kinachomzuia ni kituo hiki tu. Kikifungwa, ataondoka. Nani atamlaumu?

Nami nina miaka sitini na minane. Nilichota chupa ya kwanza ya kituo hiki yeye akiwa hajazaliwa. Toka hapo hakuna mwezi uliopita bila maji ya mita mia mbili, hata miezi ile mibaya kabisa. Sitaki maji hayo yakome mikononi mwangu.

Ijumaa, 10 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda gereji ya Saidi, hapa hapa mtaani Buyenzi. Nimemweleza wazi. Waya wa winchi, ule unaoupandisha mtungi, ni wa chuma kilichopakwa zinki, tena ameupaka mawese kwa sababu grisi imeadimika. Maji yanapita penye mafuta hayo.

"Maalim, mi nilipaka winchi tu. Waya sikugusa."

Nikamwambia sikumuuliza aligusa nini. Mafundi wenzake walikuwa wakisikiliza. Mmoja akasema, "Saidi, leo umerudi darasa ya pili." Wakacheka. Saidi alikuwa mwanafunzi wangu wa chuo cha Kurani, na wote wanajua. Aliinamia injini yake.

Waya unaondolewa. Tutatumia kamba ya nailoni.

Jumanne, 14 Julai

Kamba imepatikana Ruziba, kwa wauza nyavu. Ndefu ya kutosha, mpya. Nimeiloweka katika asidi hafifu, nimeisuuza, nimeianika juu ya plastiki. Nilikaa kando yake hadi ikakauka. Mlinzi wa kituo aliniuliza kama ni nyama.

Alhamisi, 16 Julai

Ubani, Fatiha, safari. Kamba ya nailoni haiwezi kuzungushwa na winchi yetu, kwa hiyo tumeivuta kwa mikono. Mita mia mbili, na mtungi uliojaa. Saidi mbele, mimi katikati, Esperansi nyuma akiikunja.

"Docteur," Saidi akasema, "hii kazi nilipwe mushahara ya ng'ombe."

"Ng'ombe hana mushahara, sha," Esperansi akamtania.

"Si ndiyo nasema."

Nikawaambia wavute.

Viganja vimechubuka. Dawa imegeuka nyekundu, nyekundu ile ile.

Jumamosi, 18 Julai

Si waya. Basi ni nini? Nimefikiri siku mbili. Poda iliyo ndani ya glavu ina zinki. Mafuta ya ngozi ya wanawake, mengi yake yana zinki. Nimemwambia Esperansi hivyo, bila kuzunguka. Uso wake ulibadilika, lakini alijibu, "Ndiyo, mzee." Amezigeuza glavu zote na kuziosha. Hatajipaka chochote siku ya safari.

Alipomaliza alisimama mlangoni. "Mzee, ile mu kabini..."

Nikamngoja aendelee. Akasema mwanga wa kibandani ni mdogo. Nikamjibu kuwa mwanga hautii zinki majini. Akaondoka.

Kibandani kweli kuna jambo la kutazama. Paa lake ni bati.

Jumanne, 21 Julai

Saidi amepaka rangi upande wa ndani wa paa, rangi nzito, mara mbili. Kile kipande cha shaba tunachokiteremsha kwenye kamba ili kigonge kifungio cha mtungi, nimekiviringishia plastiki. Sijaacha kitu.

Jumatatu, 27 Julai

Safari. Leo Esperansi alikuja na wazo zuri. Alichukua chupa ya maji safi ya maabara. Hakuizamisha. Aliifungua kibandani kwa muda tunaotumia kumimina, kisha akaifunga. Chupa ya pili, ya maji yale yale, ilibaki imefunguliwa maabara.

Ya maabara, kijani. Ya kibandani, nyekundu.

Basi ziwa halina kosa. Mtungi hauna kosa, wala kamba. Uchafu uko kibandani. Nimefurahi, maana adui sasa ana chumba chenye kuta nne. Nimemtuhumu mara moja: rangi. Nimemwamuru Saidi aikwangue yote.

"Maalim, juzi nipake, leo nikwangue. Kesho utaniambia ninyoe ndevu."

Esperansi aligeukia ziwa. Nadhani alikuwa akicheka. Baadaye nikakumbuka kuwa Julai sita rangi haikuwapo, na maji yalikuwa mekundu vilevile. Hoja yangu ilikuwa mbovu. Sikumwambia Saidi. Alikuwa amekwisha kwangua nusu.

Jumatatu, 3 Agosti

Vita vingine vimelipuka ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Uvira. Redio imesema, na hata bila redio tumesikia. Ziwa limefungwa. Mashua yoyote itakayoonekana itapigwa. Wavuvi wa Ruziba wamevuta mitumbwi yao mchangani.

Ndege ya mwisho wa mwezi haitatungoja.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda kumwona luteni anayesimamia gati. Kijana, mpole kuliko nilivyotarajia. Nimemweleza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mutama, maji iko mu robine."

Nikamweleza tena kuwa mzee huyu hataki maji ya bomba. Akasema nirudi wiki ijayo.

Jumatano, 12 Agosti

Nimerudi. Akasema nirudi.

Esperansi anapanga vitabu vyake katika maboksi. Anasema anasafisha tu kabati. Mtu hasafishi kabati kwa kufunga maboksi kwa kamba.

Jumatano, 19 Agosti

Ruhusa imetoka. Kesho asubuhi, twende na kurudi, pasiwe na kuzubaa. Luteni amesema mashua ya doria ikipiga filimbi tugeuke hata kama kamba iko chini.

Nimepanga kila kitu sebuleni. Mke wangu Zaituni amenifungia ubani na makaa katika kitambaa.

Alhamisi, 20 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa leo hapakuwa na utaratibu.

Risasi zilisikika usiku kucha kwenye vilima vya kusini. Asubuhi barabara ilikuwa na vizuizi. Katika kizuizi cha pili askari alifungua kitambaa changu, akauliza makaa ni ya nini, akayamwaga mtaroni pamoja na ubani. Sikubishana. Nilifika gatini nimechelewa. Saidi alikuwa amekwisha washa injini. Luteni alisema sasa au basi.

Tukaondoka bila ubani. Ni mara ya kwanza. Niliogopa. Nilisoma Ayatul Kursi tangu gatini hadi mahali pa kuchotea, nikakosea mahali ambapo sijawahi kukosea. Ng'ambo moshi ulikuwa ukipanda. Tulivuta kamba kama watu wanaoiba. Tukamimina kibandani, glavu moja ikianguka sakafuni. Chupa ya kwanza ilipofungwa, filimbi ikalia. Tukarudi na chupa moja badala ya tatu.

Nilijua imeharibika. Esperansi aliipima kwa kutimiza wajibu tu.

Kijani.

Akapima tena. Kijani. Saidi aliitwa kutoka nje aje atazame. Sisi watatu tulisimama mbele ya kichupa kidogo. Nilitaka kufurahi, lakini sikuelewa. Siku mbaya kuliko zote, kazi mbovu kuliko zote, na maji safi.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimeelewa.

Jana kila kitu kilifanywa vibaya kuliko kawaida. Kitu kimoja tu hakikufanywa kabisa.

Chetezo changu cha udongo kilivunjika baada ya Idi, mwezi wa Aprili. Saidi alinitengenezea kingine kwa kipande cha bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki. Makaa yakilipasha moto, zinki inapanda na moshi. Nimekuwa nikiingia kibandani, nikikijaza moshi huo, nikikiacha chetezo pembeni kikifuka hadi tumalize, kisha nikifungua chupa zilizooshwa kwa asidi na kuwakemea watu kuhusu glavu.

Nimekichukua hadi uani mwa maabara, nimekiwasha, nimeshika chupa wazi ya maji safi juu yake. Dawa haijawahi kuwa nyekundu namna ile.

Nikamwita Esperansi nimwonyeshe. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipoumia.

"Mzee, nilijua. Ao niseme nilifikiri. Tangu mwezi wa saba."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, na kituo kinakufa, na kazi ni yake.

"Ni dini yenu, mzee. Mi ni mukatoliki. Na hii wakati tuko ndani yake... Ningeanzia wapi? Kesho mutu aseme Esperansi amekataza wazee wa Buyenzi wasiombe Mungu?"

Nilikwenda kwa Saidi. Naye alijua. Fundi hawezi kutojua moshi mweupe wa bati. "Mi niambie Maalim azime ubani? Apana. Afadhali nikwangue rangi."

Watu wawili wamekubali kupoteza mkate wao kuliko kuniambia neno moja. Huu si uoga wa kawaida. Mmoja ameogopa vita, na vita vimetufundisha sote kutogusa cha mwenzako. Lakini mwingine ameniogopa mimi.

Nimemsimulia Zaituni. Nilitarajia anitetee. Aliendelea kuchambua mchele. "Bwana Hamadi, wewe huulizi. Unasahihisha."

Nimekaa na neno hilo mchana wote. Ni kweli.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimemwomba Esperansi tukae. Nimemuuliza ni nini kingine hajaniambia. Alidhani ni mtego. Nikamwambia nauliza kwa sababu sijui.

Akaanza polepole, kisha hakusimama. Kibanda hakifai kabisa, hata bila moshi, ni kuta za kutu. Tumimine kwenye ncha ya mbele ya mashua, uso ukielekea upepo, injini ikiwa imezimwa, hapo vumbi na moshi vinakwenda nyuma. Chupa zikae ndani ya mifuko miwili, mmoja aguse mfuko wa nje tu, mwingine wa ndani tu. Kofia yangu ya sufi inadondosha nyuzi. Na nisisome dua nikiwa nimeinamia mdomo wa chupa.

"Unatema mate kidogo, mzee. Kidogo tu."

Saidi alitoka nje. Nilimsikia akikohoa kwa muda mrefu kuliko mtu mgonjwa.

Mambo haya yote ni sahihi. Nimemwambia kuwa safari ijayo ataiongoza yeye, nami nitashika mfuko wa nje.

Kisha nimemwomba Saidi radhi, gerejini, mbele ya wale wale waliocheka. Kosa la hadharani haliombewi radhi chumbani. Alifuta mikono kwanza, akanishika mkono kwa miwili yake. "Yameisha, Maalim." Yule mwenye mdomo akasema, "Eh, leo maalim ndiye yuko darasa ya pili." Nimemwacha. Alikuwa na haki.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimekwenda kwa luteni na Esperansi. Safari hii nimemwacha aseme yeye. Hakueleza kemia. Alimwambia kuwa kama kituo kitafungwa, vita vikiisha hakuna atakayejua ziwa lilikuwa namna gani wakati wa vita. Luteni aligeuka, akatazama ziwa. Akasema mama yake ni wa pwani ya ziwa, huko Rumonge, na bado anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa. Akatupa kesho asubuhi.

Mimi nilimweleza mara tatu juu ya zinki, na hakunisikia.

Jumanne, 25 Agosti

Nimesali nyumbani. Nimemwomba Mwenyezi Mungu atulinde, kisha nimetoka na mikono mitupu. Sikuhisi kuwa nimepungukiwa. Nilidhani ningehisi.

Askari kizuizini aliuliza leo makaa yako wapi. Nikamwambia tumeacha. Akasema vizuri.

Upepo wa kusini, baridi, mawimbi mafupi. Esperansi alisimama kwenye ncha ya mashua, akamwambia Saidi azime injini. Kimya kikawa kikubwa kiasi kwamba tulisikia mizinga ya mbali ng'ambo, kama mtu anayetupa magunia chini. Tulivuta. Mara mbili alinisahihisha. "Mzee, mufuko wa inje." Nilikuwa nimegusa wa ndani. Alibadilisha mfuko, tukaanza upya. Ningekuwa mimi ningemkemea mtu kwa hilo hadi gatini.

Chupa ya kwanza. Ya pili. Kwa chupa ya tatu kamba ilikwama kwenye kapi, na mashua ya doria ikawa inakuja kwetu. Saidi alipanda akaikwamua kwa mguu, akiwapungia wanajeshi mkono kana kwamba wanakuja harusini. Walitupita. Chupa ya tatu ikajaa. Filimbi ililia tukiwa tumekwisha geuka.

Maabara. Nilikaa kwenye benchi nje. Sikutaka kivuli changu kiwe juu ya meza yake.

Alitoka mlangoni. Hakupiga kelele, alisema tu, "Tatu zote kijani, mzee. Na ile ya kulinganishia." Halafu akakaa kando yangu kwenye benchi. Saidi alileta chai ya tangawizi kutoka kwa mlinzi. Tulikunywa bila sukari.

Alhamisi, 27 Agosti

Sanduku limeondoka na ndege. Esperansi alilipeleka uwanjani mwenyewe, akalishika mapajani njia nzima. Mimi nililibeba hadi mlango wa gari tu.

Kazi yetu imekwisha. Sasa ni kungoja.

Jumamosi, 5 Septemba

Hakuna habari. Umeme umekatika, kwa hiyo faksi haifanyi kazi. Nimeshawishika kudhani kuwa jibu limekuja na kupotea. Huo ni upuuzi. Nimeosha mtungi.

Maboksi ya Esperansi bado yamefungwa.

Ijumaa, 18 Septemba

Jibu limefika asubuhi. Sampuli za Agosti zimekubaliwa, zote. Wameandika kuwa ni safi kuliko walizowahi kupokea kutoka kituo chochote cha ziwa hili, na wanauliza tumebadilisha nini. Kituo kinaendelea. Mkataba wa Esperansi umeongezwa.

Esperansi ameniuliza tuwajibu nini. Nimesema tuwaandikie ukweli wote, na chetezo kiwemo. Akasema ataandika kuwa chanzo cha zinki kilikuwa kibandani na kimeondolewa. Nikamwambia hiyo ni nusu. Akasema kwa wale inatosha, nusu nyingine ni yetu. Nimekubali.

Jioni nilimsikia kwenye simu ya ofisi akizungumza na dada yake. Alisema mambo ya kawaida, afya, bei ya mchele, mvua iliyochelewa. Mwishoni akamwambia asimtafutie chumba, si mwaka huu. Sikukusudia kusikiliza. Mlango ulikuwa wazi.

Nimetoka uani kusuuza chupa za mwezi huu. Tunakwenda Jumatatu, luteni akiruhusu. Upepo umekufa, na mawingu yamesimama juu ya milima ya Kongo. Nimezifunika chupa, nimeziacha mezani kwa Esperansi.